Kabla ya Kumkatalia Binti: Siku Tisa za Kuuzunguka Mlima Kenya



Mwezi wa Julai binti yetu wa pili aliketi barazani na simu mkononi, akingojea majibu ya nafasi za vyuo vikuu. Ujumbe ulipofika aliusoma mara mbili kabla ya kuutamka: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Baba yake alinyamaza. Bibi yake, aliyekuwa akipeta mchele, aliuliza swali moja tu: “Huko kuna msikiti?” Hakuna aliyeweza kumjibu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nairobi nilikuwa nimefika mara tatu, mbili kati ya hizo kwa ajili ya mazishi. Kuhusu nchi iliyo mbele ya Nairobi, elimu yangu yote ilikuwa ya kusikia: kwamba kuna baridi ya kukata mifupa, kwamba Waislamu hawako, na kwamba binti akienda huko hurudi mtu mwingine. Nina yakini kuwa wasomaji wengi wa kurasa hizi wanaijua hofu hiyo. Katika mtaa wetu nawajua mabinti watatu waliofaulu kuliko kaka zao, wakapewa nafasi za bara, kisha nafasi zikaachwa zipite. Mbele za watu husemwa kuwa tatizo ni karo, au kwamba mama ni mgonjwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekwenda kutazama.

Baba yake alipofungua kinywa, baada ya sala ya Isha, alisema hivi: “Hatumkatalii kwa kusikia, wala hatumruhusu kwa kusikia. Nendeni mkaone.” Yeye hakuweza kufunga duka. Kaka yangu, ambaye ni maharimu wetu sote wawili, mimi na binti, akakubali kutusindikiza.

Tulikata shauri tusiione Nyeri peke yake. Ukitazama ramani utaona kwamba Mlima Kenya umezungukwa na miji, na barabara ya lami inaufuata mlima huo mji kwa mji mpaka inarudi ilipoanzia. Miji hiyo sasa ina vyuo vikuu vyake: Dedan Kimathi upande wa Nyeri, kisha Karatina, Meru, Chuka, Embu, na Kirinyaga kilichoko Kutus. Vyote sita vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili kati ya 2012 na 2016. Wakati wetu havikuwapo. Leo mtoto wa Pwani akifaulu, huenda akapelekwa kusoma kivulini mwa mlima huu, na ni vyema wazazi wawe na habari yake kabla ya siku ya barua.

Barabara ya kupanda

Kila mmoja wetu alibeba begi moja la mgongoni: nguo chache, mswala, sweta za kuazima, na kopo la mahamri makavu. Tulichagua basi la mchana. Basi la usiku lina faida zake, lakini ni vigumu kulisimamisha kwa ajili ya Alfajiri, nami hupenda kuiona barabara inayonibeba. Tuliposimama Mtito Andei tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kupunguza, na jioni tukalala kwa jamaa zetu Eastleigh.

Asubuhi yake tulipanda matatu ya abiria kumi na wanne katika eneo la River Road. Kutoka hapo hadi Nyeri ni takriban kilomita 150. Ukishaipita Thika, ardhi inaanza kuinuka na rangi ya udongo inageuka kuwa nyekundu. Tulipofika Sagana kaka yangu alinigusa bega akanionyesha mto. Mto Sagana ndio mwanzo wa Mto Tana. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Kenya na kutoka safu ya Aberdare hukutana, huzunguka nchi kavu ya mashariki, hupita Garissa na Hola, na mwisho huingia baharini Kipini. Ndugu zetu wanaolima kandokando ya Tana hunywa mvua ya Nyeri. Nilikuwa nimekaa kwenye matatu ile nikidhani naiacha nchi yangu nyuma, kumbe mto ule ulikuwa ukishuka kwenda kwetu.

Karatina tulishuka kwa saa mbili. Soko lake lina sifa nchini kote, na wanaolitawala ni kina mama: viazi, karoti, kabichi, njegere, maparachichi makubwa kama ngumi mbili. Binti alikuwa amevaa buibui na nilijiandaa kwa macho ya watu. Macho yalikuwapo, sitadanganya. Lakini mama mmoja aliyekuwa akipanga viazi alimtazama miguuni, akaona viatu vya wazi, akasema kwa Kiswahili chake cha mlimani: “Huyu mtoto atakufa na baridi. Mama, mnunulie soksi.” Akatuonyesha kibanda cha soksi na kutuombea bei nafuu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kwanza ya mlimani.

Jibu la swali la bibi

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka kwenye mabati ya maduka, na manyunyu huanza bila kuaga. Mlima hatukuuona kabisa. Tulikuwa bado tunatafuta mahali pa kulala tuliposikia adhana ya Alasiri. Binti alisimama kando ya barabara, akapiga simu nyumbani, akaiinua juu hewani. Hakusema neno. Adhana ilipokwisha alishusha simu sikioni na kusikia bibi yake akiitikia dua.

Waislamu wa Nyeri wengi si wageni wa jana. Katika mtaa wa Majengo tulikaribishwa na mama mtu mzima, Mkikuyu kwa lugha na Mswahili kwa malezi, ambaye alitutilia maji ya moto kwenye birika ili tutawadhe. Nilimwuliza, kwa adabu yote, kama Waislamu huku wapo wa kutosha. Alicheka. “Mwanangu, nyinyi mwatuuliza kama tupo. Sisi hujiuliza kama huko Pwani mwajua kwamba tupo.” Babu yake, alisema, alifika akiwa amebeba mzigo wa mtu mwingine kichwani, akaoa, akabaki.

Maneno yake yalinirudisha kwenye historia tuliyosomeshwa nusu. Mlima huu una vilele vitatu vinavyotajwa sana: Batian, chenye mita 5,199, Nelion na Lenana, na majina yote matatu ni ya maloibon wa Kimaasai. Vitabu vinasema kwamba mtu wa kwanza kufika Batian alikuwa Mwingereza, Halford Mackinder, mnamo Septemba 1899, pamoja na waongozaji wawili kutoka Ulaya. Ni nadra kuelezwa kwamba msafara ule ulikuwa na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, waliobeba mahema, vyakula na vyombo vya kupimia. Kilele kimoja chenye jina la mmoja wao hakuna. Miaka mitatu baadaye, 1902, Waingereza walianzisha kituo chao cha utawala Nyeri. Vituo kama hivyo havikuweza kusimama bila wapagazi, askari, wapishi, mafundi na wachuuzi, na wengi wao walizungumza Kiswahili na kusali sala tano. Ndiyo maana ukifika Nyeri, Nanyuki, Meru au Embu utakuta mtaa uitwao Majengo, na Murang'a utakuta mtaa uitwao Mjini. Majina hayo ni ya Kiswahili, na waliyoyaacha ni watu wetu.

Wa mlimani nao waliletwa kwetu, lakini kwa pingu. Katika vita vya Mau Mau serikali ya kikoloni iliwafungia mahabusu katika Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, na katika kambi ya Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Dedan Kimathi mwenyewe, ambaye chuo cha binti yetu kinaitwa kwa jina lake, alikamatwa katika misitu ya Nyeri Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sisi wa Pwani tuliishi jirani na kambi zile. Watu wa Nyeri tuliozungumza nao walizitaja Hola na Manda kwa majina, kama mtu atajavyo nyumba aliyofia babu yake.

Chuoni

Chuo kiko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Mweiga. Hatukwenda kama wageni wa heshima. Tulipita langoni tukaandika majina yetu, tukatembea. Nilikuwa na orodha ya maswali niliyoiandika nyumbani: malazi, chakula, sala, usalama wa jioni. Majibu mazuri niliyapata kwa wasichana wawili wenye hijabu tuliowakuta wakinywa chai, mmoja wa Kwale na mwingine wa Garissa. Walinyanyuka na kutupa viti.

Msichana wa Kwale alisema alilia muhula mzima wa kwanza. Nikamwuliza nani alimliza. “Maji, mama. Si watu. Maji ya Alfajiri.” Alieleza kwamba wanafunzi Waislamu hujuana katika wiki ya kwanza, hufuturu pamoja Ramadhani, na hupika kwa zamu siku za Jumapili. Nyama hula pale tu wanapomjua aliyechinja. Siku nyingine ni mukimo, ambao ni viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, au maharagwe, au samaki. Aliongeza jambo ambalo sikulitarajia: ratiba ya sala ya Mombasa haifai Nyeri. Nyeri iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii tatu, na jua huchelewa huko kwa takriban dakika kumi, zaidi au pungufu kwa kufuata msimu. Atakayefuturu kwa kalenda ya kwao atakuwa amefungua kabla ya Magharibi. Nilimtazama msichana huyu wa miaka ishirini akinifundisha fiqhi ya mahali, nikaona haya kwa kudhani kwamba mtoto akiondoka nyumbani dini hubaki nyumbani.

Kuna binti mmoja wa Nyeri ambaye sote twamjua kwa jina. Wangari Maathai alizaliwa kijiji cha Ihithe mwaka 1940. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alianza shule kwa sababu kaka yake alimwuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao. Mama hakuwa na sababu, akampeleka. Kutoka hapo alipelekwa shule za bweni, kisha mwaka 1960 akaenda Marekani. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Yote hayo yalianza kwa swali la kaka mmoja jikoni. Nilimsimulia kaka yangu usiku ule. Akasema, “Basi nami nimeshafanya sehemu yangu.”

Tulikaa Nyeri siku mbili kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, na sala tukaendelea kuzipunguza. Mwanafunzi hali yake ni nyingine: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili au zaidi si msafiri tena. Husali kwa ukamilifu kama mwenyeji. Binti aliposikia hivyo alisema polepole, “Kumbe nitakuwa mwenyeji.”

Nanyuki hadi Meru

Kutoka Nyeri tulipanda matatu hadi Nanyuki kupitia Naro Moru. Nanyuki iko juu ya mstari wa ikweta, na kando ya barabara kuna bango linaloutangaza. Vijana huwaonyesha wageni beseni la maji: upande huu wa mstari maji huzunguka kulia yakitoka, upande ule kushoto. Ni mchezo wa kufurahisha, na kijana hupata riziki yake, lakini binti yetu, aliyechaguliwa kusomea uhandisi, alitueleza kwamba nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuweza kuyaamrisha maji ya beseni. Yanayoyazungusha ni mkono wa anayeyamimina. Kijana alicheka, akamwambia, “Dada, usiniharibie kazi.”

Kila tulipofika kaka yangu alitafuta kibla kwa simu yake, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa tulivyokuwa tukitembea. Kutoka nchi hii Makka iko kaskazini, ikielemea mashariki kidogo tu. Ukisimama kusali Nyeri, mlima uko mbele yako upande wa kulia. Nanyuki uko nyuma ya bega la kulia. Meru uko nyuma ya bega la kushoto. Tuliujua kwa ramani tu, kwa sababu siku ya tano ilikuwa imepita na ukungu haujatufunulia hata theluthi yake.

Barabara ya Nanyuki kwenda Meru hupanda Timau kati ya mashamba ya ngano, kisha huteremka kwa kona nyingi mpaka Meru, mji wa mabonde na migomba. Tulilala hapo usiku mmoja, tukasali Ijumaa siku iliyofuata, na baada ya chakula tukaanza kushuka kusini.

Kabla ya Chuka barabara huteremka ghafla hadi Daraja la Nithi. Dereva alipunguza mwendo na abiria wote wakanyamaza. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa liliacha barabara hapo na kutumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Lilikuwa likija kwetu. Nilimshika binti mkono bila kujua kwamba nimemshika. Nayataja haya ili asije mtu akasema kwamba nimeisifu safari nikaficha hatari zake. Barabara ya Embu na Meru haistahili kusafiriwa usiku, na mzazi atakayempeleka mtoto pande za Chuka au Meru na ampe sharti hilo kwanza kabla ya masharti mengine yote.

Mama wa muguka

Embu tulifika jioni. Asubuhi yake, siku ya nane, tulipanda matatu ya kwanza kwenda Mwea, na karibu yangu akaketi mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani na furushi la majani mapajani, limefungwa kwa migomba. Tuliamkiana. Aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Mombasa, alitabasamu. “Hawa nao wanaenda Mombasa,” akasema, akipiga furushi. Lilikuwa muguka.

Wasomaji hawahitaji kuelezwa muguka ni nini. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi kwa muda. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahia marufuku na kuhuzunika iliposimamishwa, kwa sababu ninayo sababu nyumbani. Nikamwambia: “Mama, majani hayo yameniharibia mtoto wa dada yangu. Ana miaka kumi na tisa, halali, hasomi, hafanyi kazi.”

Hakukasirika. Alitazama nje kidogo, kisha akasema: “Pole sana, mama. Mimi yamenisomeshea watoto wanne. Wa mwisho ni msichana, yuko chuo huko kwenu, Mombasa.” Tukanyamaza wote wawili. Baadaye alisema kwamba kahawa humlipa kwa msimu na muguka humlipa kila wiki, na karo haingoji msimu. “Kungekuwa na mti mwingine wa kulipa kila wiki, ningeung'oa huu kesho.”

Sikubadili msimamo wangu juu ya muguka, na mtoto wa dada yangu bado anahitaji dua na matibabu. Lakini kabla ya siku hiyo nilipolisema jambo hili nilikuwa nikimlaani mtu asiye na sura. Sasa ana sura, na ana binti anayetembea mitaani kwetu bila mama, pengine akitazamwa kama nilivyoogopa wangu atatazamwa. Alipokuwa akishuka nilimwomba jina la chuo cha binti yake, nikampa namba yangu. Nilimwambia, “Akiugua, akikosa, akiwa mpweke siku ya sikukuu, aje kwetu.” Akaniambia, “Na wako akifika Nyeri, kutoka kwangu si mbali.”

Mwea

Mchele wa pishori tunaoupikia biriani katika harusi zetu hutoka tambarare ya Mwea, chini ya mlima upande wa kusini. Mashamba yale yalianza kuchimbiwa mifereji katikati ya miaka ya 1950, na waliochimba walikuwa mahabusu wa Mau Mau. Nimepika pishori tangu nilipoolewa bila kulijua hilo.

Tulishuka Wang'uru saa moja na nusu asubuhi, kumebaki unyevu majanini na korongo weupe wametawanyika majarubani. Wakati kaka yangu akijadiliana bei ya gunia na mwenye ghala, mimi niliomba nafasi ya kusali Dhuha. Mwenye ghala, ambaye si Mwislamu, alitupa turubai safi, akalitandaza mwenyewe uani. Kaka yangu akaniashiria kibla. Niliinua macho kabla ya takbira, na mlima ulikuwapo.

Ukungu ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza katika siku zote zile. Vilele viwili vyeusi vyenye theluji kidogo mabegani vilisimama mbele yetu, upande wa kaskazini, juu ya maili nyingi za mpunga wa kijani. Wazee wa Kikuyu, Waembu na Wameru walielekeza nyuso zao kwenye mlima huu walipomwomba Mungu. Mimi niliielekea Makka, na mlima ulikuwa njiani. Nilisali rakaa mbili, na katika sijda nilimwomba Mwenyezi Mungu amhifadhi mwanangu katika nchi hii, pamoja na mtoto wa yule mama katika nchi yetu.

Kwa wazazi wenzangu

Siandiki haya ili kila binti apelekwe bara. Kuna familia zenye udhuru wa kweli, na kuna mabinti ambao wao wenyewe hawajawa tayari. Naandika ili hapana ikisemwa, isemwe na aliyeona. Nauli ya kwenda kutazama ni nyepesi kuliko majuto ya binti aliyeachwa barazani.

Atakayekwenda na ayafuate machache haya. Asafiri mchana. Akifika mji, aulize msikiti kwanza kabla ya hoteli; pale msikitini atapata jamaa, chakula cha halali na habari za kweli. Azungumze na wanafunzi, si na ofisi tu. Abebe sweta mbili nzito, soksi za sufi, na chupa ya kuwekea maji ya moto ya Alfajiri. Aipakue ratiba ya sala ya mji wenyewe. Na awasalimu watu mwanzo, asingoje kusalimiwa: neno la Kikuyu ni “Wi mwega”, na nimeona jinsi uso unavyofunguka kwa maneno mawili.

Tulirudi Mombasa siku ya tisa na gunia la pishori. Bibi alilifungua, akauchota mchele kwa kiganja, akaunusa, akaanza kuupeta. Baba alimwuliza binti: “Umeonaje?” Binti akajibu kwamba mlima ameuona mara moja tu, lakini watu amewaona siku zote. Baba akatikisa kichwa akaenda kusali Isha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta sokoni Kongowea, mbele ya rundo la mitumba, akijaribu kulinyoosha koti zito la sufi kwenye kifua chake mwenyewe ili akadirie kama litamtosha mwanawe.